Mugole Ana Nyongo

Kuna watu huku kwetu wanaonikwepa wakiwa na mgonjwa, kwa sababu nikifika naye hospitali huwa namkatiza anayemsemea. Namwambia anyamaze, mgonjwa ana mdomo. Wananiita mkali, na sikatai. Ukali huo naujua ulipoanzia: kwenye benchi la zahanati moja ya Karagwe, mwaka uliofuata vita vya Uganda, nikiwa nimeolewa juzijuzi na tumbo langu halijaanza kuonekana.

Nyumba niliyoolewa ilikuwa pande za Kituntu, katikati ya migomba na mibuni. Kwetu bibi harusi ni mugole, na mama mkwe aliniita hivyo tangu siku niliyovuka kizingiti. Jina langu alilijua vizuri, ila sikumbuki akiliita. Sikuona ubaya. Nilidhani umugole ni kitu cha kupita, kwamba nitapika, nitalima, nitazaa, na siku moja nitaamka nimekuwa mtoto wa nyumba ile.

Mimba ilianza kunikamata kwa pua. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo ambamo baba mkwe alivundika ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikulia kwenye harufu hiyo, nilikuwa naipenda, na ghafla ikawa adui yangu. Upepo ukivuma kutoka upande ule nilitapika. Nikatapika kwa harufu ya maharage, kwa harufu ya bitoke, ndizi zetu za kupika, vikichemka, kwa harufu ya moshi kwenye khanga yangu mwenyewe. Sabuni ilikuwa haipatikani madukani wakati ule, tukifua kwa majivu, kwa hiyo nilivaa harufu ya matapishi ya jana huku nikitapika ya leo. Mwishowe hata maji yalikataa. Yalishuka, yakakaa kidogo kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, kisha yakaondoka na kila kilichokuwemo.

Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nikisimama, migomba inazunguka. Midomo ilipasuka nikawa nailamba damu, na hiyo damu nayo inanitapisha. Nasema haya yote kwa sababu nimewahi kusikia wanaume wakicheka kwamba mwanamke mjamzito anadeka, na nimewahi kusikia wanawake, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, wakisema sote tulitapika. Kuna kutapika na kuna kukauka. Mimi nilikuwa nakauka, na kila aliyenitazama aliniambia nivumilie.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu atadhani mama mkwe wangu alikuwa mwendawazimu. Mimba haikutajwa. Mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, hakuna mdomo uliopaswa kuitaja, kwa hofu ya jicho baya na maneno ya watu. Majirani walikuwa wakiniona nimeshika mti wa uzio, natema mate, wanajua kila kitu, halafu wanauliza kwa heshima zote kama mugole ameamka salama. Na mugole hakusema habari za mwili wake mbele ya mama mkwe. Mama mkwe ndiye aliyemsemea. Ukiumwa, yeye ndiye anayeumwa kwa mdomo. Ilikuwa desturi ya kumlinda mtoto, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliiamini kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza.

Mama mkwe alinitibu kwanza kwa emumbwa, ule udongo uliokandwa na majani ya dawa na kukaushwa, ambao wajawazito husugua na kunywa na maji. Alinisugulia kila asubuhi. Ulikuwa mchungu, ulinichoma tumbo, na niliutapika. Alikuwa akinishikia kibuyu kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa upole, lazima niseme ukweli. Lakini hakuna mtu hata mmoja kijiji kizima aliyewahi kuuliza ndani ya emumbwa mna nini, au kama majani yale yanamfaa mtoto aliye tumboni. Maswali yote ya usalama yalikuja baadaye, na yote yalikuja kwangu.

Nilipoanguka jikoni nikiwa nimeshika sufuria, mume wangu aliazima baiskeli ya jirani ya kunipeleka zahanati. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, yeye akaisukuma, mama mkwe akatembea kando yetu akiwa na khanga yake ya kanisani. Njiani, mama yake alipoingia kichakani kujisaidia, nilimwambia mume wangu: "Waambie ukweli. Mwambie mganga nina mimba." Aliangalia chini. "Mama anajua la kusema," akanijibu. Alikuwa mgambo huyu, alikwenda na bunduki mpaka ndani ya Uganda akarudi, na alishindwa kumtamkia mama yake sentensi moja.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana, koti lake jeupe limepauka, foleni imejaa mpaka nje. Aliniangalia mara moja kisha akamwangalia mama mkwe, kwa kuwa mgonjwa mwenye mkubwa wake haulizwi yeye.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Anatapika. Hakikai kitu tumboni, hata maji."

"Ana mimba?"

"Hana," mama mkwe akasema. "Mugole ana nyongo."

Alisema bila kupepesa macho, na mpaka leo naamini moyoni hakuona kwamba amedanganya. Kwake yeye lile halikuwa jibu la swali la mganga. Lilikuwa jibu la desturi, lile lile ambalo angempa mwuza chumvi au mke wa katekista. Kwamba yule kijana alikuwa akiuliza ili ajue dawa ipi aitoe na ipi aiache, hilo halikumpitia kichwani. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa mlangoni, anabonyeza tairi la baiskeli kama mtu anayekagua upepo.

Na yule mganga pia sijamsamehe. Aliinua jicho, akasita, nilimwona akisita. Mwanamke kijana, ameolewa, anatapika wiki kwa wiki. Hata mchunga mbuzi angeshuku. Ilimpasa kunigeukia na kuniuliza mimi, tena angeweza kumtoa mama mkwe nje kwa kisingizio chochote. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na kumwuliza mugole mbele ya mama mkwe ni utovu wa adabu. Kwa hiyo sote wanne tulikuwa na adabu. Akanichoma sindano ya kuzuia kutapika, akafunga vidonge vyeupe kwenye kipande cha gazeti, akasema kimoja asubuhi kimoja jioni. Havikuwa na jina, wala hatukuuliza.

Alasiri ile ile, nimekaa mkekani nyumbani, shingo ilianza kunivuta upande wa kushoto. Sikuivuta mimi. Ilijivuta. Ulimi ukawa mgumu, macho yakapanda juu, nikawa nasikia watu wakiongea na siwezi kuwajibu. Mama mkwe alisema ni pepo. Wakaitwa wanakwaya wakaniombea, wakiimba, nami nimepinda kama tawi. Baada ya muda shingo ikalegea yenyewe nikalala. Kesho yake nikanywa uji, ukakaa.

Sijui kama ninaweza kumweleza mtu ambaye hajapita huko utamu wa uji unaokaa. Nililia. Nilikunywa kikombe kingine. Na kile kidonge cheupe nilikimeza asubuhi, nikameza cha jioni, nikaendelea mpaka kile kipande cha gazeti kikabaki kitupu. Baadaye watu waliniuliza kwa sauti ya mahakama: si ulijua una mimba? Ndiyo, nilijua. Nilikuwa na kiu. Kama kuna mtu anadhani nitamwomba radhi kwa kumeza kitu kilichonirudishia maji mwilini, atangoja sana.

Hofu ilikuja nilipopata nguvu za kuogopa. Jumapili moja, nje ya kanisa, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa wamisionari alisimulia kwamba zamani huko Ulaya walizaliwa watoto wasio na mikono kwa sababu mama zao walipewa dawa ya kichefuchefu. Alisimulia kama anavyosimulia habari za mvua ya mawe, huku anapeta maharage mapya ya sadaka kwenye ungo. Nilishika tumbo chini ya khanga. Nilitaka kumwuliza: ni dawa gani hiyo? Ni nyeupe? Ni ya sindano? Ingali inatolewa? Sikuuliza, kwa sababu mimba yangu ilikuwa bado haijazaliwa midomoni mwa watu, na mtu hawezi kuuliza habari za dawa ya mimba asiyokuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikiwaza mikono. Nilipalilia nikiwaza mikono. Nilipoanza kusikia mtoto anacheza tumboni nilijaribu kukisia kama kinachonigonga ni ngumi au ni goti.

Angekuwepo hata mtu mmoja wa kuniambia dawa uliyopewa ni hii, inajulikana, au haijulikani, ningelala. Hata habari mbaya ningeilalia. Kinachomla mtu ni kutojua alichomeza.

Mtoto alizaliwa nyumbani, msichana, mkononi mwa mama mkwe na jirani mmoja mzoefu. Nilisikia kilio, nikauliza mikono. Jirani akasema mikono yote ipo, vidole vyote vipo. Halafu mama mkwe akasema neno moja tu: "Mguu."

Unyayo wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, kisigino kimeinuka, kana kwamba mtoto alikuwa akitaka kujitazama chini ya unyayo. Nilimchukua nikamweka kwenye titi. Alikuwa mzuri. Mama mkwe aliosha mikono yake, akatoka nje, na kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka kijiji kizima kilikuwa na maelezo. Mugole alimeza dawa za zahanati. Mugole aliomba sindano. Mama mkwe alikuwa amempa emumbwa nzuri ya wazee, mugole hakutosheka nayo. Aliyesema hana mimba alikuwa amesahauliwa kabisa katika simulizi hiyo. Nimeisikia ikisimuliwa mbele yangu, na msimuliaji mkuu alikuwa yeye mwenyewe, ananyoosha kidole kwenye mguu wa mwanangu kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

Nilimpeleka mtoto hospitali ya misheni. Nilishuka kwa miguu mpaka Omurushaka, nikapanda lori la kahawa. Pale nilimkuta muuguzi mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu, aliyemshika mwanangu unyayo akaugeuza polepole huku na huku. Akasema umepinda lakini bado ni mlaini, wataunyoosha kwa plasta, kidogo kidogo, nitamleta mara nyingi. Kisha nikamwuliza swali langu. Nilikuwa nimelibeba miezi yote ile na lilitoka kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenichoma.

"Ni ile dawa ya kutapika iliyompinda?"

"Ulipewa dawa gani?"

"Sindano. Na vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vyeupe."

"Mama," akasema, "karibu vyote ni vyeupe."

Nikamsimulia habari ya shingo, na hapo uso wake ukabadilika. Alisema kuna sindano ya kuzuia kutapika ambayo kwa mtu mmoja mmoja huvuta shingo na ulimi namna hiyo, hasa vijana, inatisha sana lakini hupita, wala si pepo. Alisema sindano ya aina hiyo wao pia huwapa wajawazito waliozidiwa, na yeye binafsi hajaona ikimpinda mtoto mguu. Alisema amepokea watoto wengi wenye miguu kama huu, na mama zao hawakumeza chochote. "Lakini vile vidonge sivijui," akasema, "na siwezi kukuapia juu ya kitu nisichokijua. Tungejua una mimba tungeanza kwa kukuwekea maji ya mshipa, halafu dawa tungekuchagulia. Zipo ambazo tungekupa bila wasiwasi na zipo ambazo tusingekupa. Kwa nini hukusema una mimba?"

Nilimwambia nilisemewa.

Hakunilaumu. Akaanza kuloweka bandeji za plasta kwenye beseni. Nilipofika nyumbani niliwaeleza yote, neno kwa neno. Mume wangu alisikiliza akasema, basi yaishe. Mama mkwe alisema manesi hutetea sindano zao. Mguu ukanyooka kiasi, haukunyooka wote. Mwanangu alijifunza kutembea kwa kukanyaga ubavu wa unyayo, na kila alipopita mbele ya wageni kulikuwa na mtu wa kunong'ona habari za vidonge.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kukimbia kwa namna yake, na mimi nimeshazaa mwingine, wifi yangu mdogo aliporudi nyumbani. Alikuwa kitindamimba wa mama mkwe, ameolewa upande wa Rubwera, na alirudi kwao anatapika. Nilijua kabla hajashuka kwenye baiskeli. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, anaziba pua kwa khanga akipita karibu na shimo la ndizi. Nilimhurumia mpaka nikasikia kiu mimi. Sikusema neno, maana mimba haitajwi.

Mama mkwe hakusugua emumbwa. Kabla ya jua kupanda aliniambia, "Mugole, twende, wewe unazijua njia za hospitali." Tulikwenda zahanati ile ile, nikiwa nimemshika mwanangu mkono kwa kuwa jirani alikubali kubaki na mdogo wake tu. Mganga alikuwa yule yule, amenenepa kidogo, koti jipya. Alimtazama wifi yangu kisha akamtazama mama yake, na nikakaza roho kusikia habari za nyongo.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Ana mimba," mama mkwe akasema. Hata hakungoja kuulizwa. "Ni ya kwanza, ya miezi mitatu. Anatapika mno. Angalia vizuri dawa unayompa mwanangu, na uniambie jina lake."

Alisema mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Benchi zima liligeuka. Mganga akainamisha kichwa kwa heshima, akasema ndiyo mama, akamlaza wifi yangu kitandani akamwekea chupa ya maji ya mshipa, na akaeleza dawa ile ni ipi na kwa nini amechagua hiyo. Mama mkwe akarudia jina la dawa kwa midomo mara kadhaa ili asilisahau.

Mimi nilisimama pale pale ukutani. Niliyaona maji yakidondoka kwenye mrija, tone baada ya tone, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Miaka yote nilikuwa nimeilaumu desturi. Nilikuwa nimejituliza kwamba mama wa watu alifungwa mdomo na mambo ya wazee, kwamba hakuweza. Kumbe aliweza. Lilikuwa neno jepesi tu, lilitoka bila shida yoyote, na mbingu hazikuanguka.

Tulipotoka kwenda kumtafutia wifi uji, nilimwuliza. Nilitumia heshima zote. "Mama, siku ile yangu, kwa nini ulisema nina nyongo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Hakukasirika. Nadhani hata hakuelewa ninauliza nini.

"Yule ni mwanangu," akasema.

Mwanangu mimi alikuwa amechoka, njia ya pale ni ya mawe na ubavu wa unyayo wake ulikuwa umechubuka. Nilimwinua nikamfunga mgongoni, ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa. Kisha nikatangulia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo mugole hafanyi. Aliniita nimsubiri. Nilisikia vizuri, na niliendelea kutembea.